Kipuri Kilichochakaa si Kipimo

Katika vitongoji vya nje vya Dar es Salaam, kutoka Mbagala na Tandika upande wa Temeke hadi Mwananyamala na Kunduchi upande wa Kinondoni, bado yako magari ambayo viwanda vyake viliacha kuyaunda miaka mingi iliyopita. Mengine yamewekwa juu ya matofali uani, yamefunikwa maturubai, yakimngoja mwenye nafasi na fedha. Mengine yangali yakibeba mchanga, magunia na abiria. Kuna Land Rover za mfululizo wa pili na wa tatu. Kuna Volkswagen Kombi na malori ya Bedford. Kuna Peugeot 404, gari ambalo Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, aliliendesha hadi ushindi wa mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena mwaka 1967. Baadhi ya vipuri vya magari hayo huweza kuagizwa Ulaya kwa gharama kubwa. Vingine haviuzwi tena mahali po pote. Mwenye gari akitaka kulifufua, hana budi kukiunda kipuri hicho mwenyewe au kumpata fundi wa kukiunda.

Hapo ndipo linapotokea kosa ambalo kila mwanafunzi wa fizikia anaweza kulielewa. Fundi asiye na subira hukichukua kipuri kibovu, akakipima, kisha akaunda kingine kama hicho hasa. Lakini kipuri kilichotoka garini kimeliwa na msuguano, kutu na joto kwa miaka 40 au 50. Vipimo vyake vya leo sivyo vile alivyovikusudia mhandisi wa kiwandani. Kukinakili kwa uaminifu ni kuunakili ugonjwa wake. Na ikiwa kinakiliwa kwa kusubu, yaani kwa kumimina metali iliyoyeyuka katika kalibu, hutoka kidogo kuliko hata kile kibovu, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini.

Ufundi wenyewe haukuzuka jana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ikafuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na bei ya mafuta ikapanda. Fedha za kigeni zikaadimika nchini. Malori na mabasi yalisimama kwa kukosa kitu kidogo kama bushi au pampu ya maji, na hali hiyo ilianza kulegea tu baada ya mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Yako mashirika yaliyoundwa kukabiliana na haja ya ufundi wa nchini: Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973, na kituo cha teknolojia ya magari cha Nyumbu, Kibaha, kikaanzishwa mwaka 1985. Fundi wa uani hakuwa na mashine za namna hiyo. Alikuwa na tupa, jiliwa, nyundo na mkaa, na alilazimika kuupata usahihi kwa kufikiri.

Kuurudisha upya wa kipuri

Tuseme fundi ana mhimili wa chuma uliotoka katika gari la Kiingereza. Akiupima kwa venia mahali ulipokuwa ukizunguka ndani ya bushi anapata milimita 22.1. Je, ulipokuwa mpya ulikuwa na kipenyo gani? Mtu aliyezoea mita atasema upesi kwamba ulikuwa milimita 22. Jibu hilo haliwezekani. Mhimili unaosuguliwa hupungua, hauongezeki. Basi kilichofikia 22.1 leo hakikuwa 22.0 jana. Gari hilo lilichorwa na watu waliofikiri kwa inchi na sehemu za inchi. Inchi moja ni milimita 25.4 kamili, na saba ya nane ya inchi ni milimita 22.225. Huo ndio upana wa awali, na msuguano umekula karibu sehemu moja ya nane ya milimita. Kwa tundu, hoja hugeuka: tundu linalosuguliwa hupanuka, kwa hiyo kipimo cha awali hutafutwa chini ya kile kinachosomwa leo.

Kwa njia hiyo fundi huzungumza na mhandisi aliyekwisha kufa zamani. Mhandisi huyo alipenda namba zilizo rahisi katika lugha yake ya vipimo. Mwendo wa pistoni katika injini ya petroli ya Land Rover yenye sentimita za ujazo 2,286 ni milimita 88.9, namba inayoonekana ya ajabu mpaka igawanywe kwa 25.4, nayo ikawa inchi 3 na nusu kamili. (Wanafunzi waweza kuhakikisha ujazo wote wenyewe: silinda ziko 4, na kipenyo cha kila moja ni milimita 90.47.) Gari la Kifaransa au la Kijapani, kwa upande wake, husema kwa milimita nzima. Hivyo swali la kwanza la kuuliza juu ya kipuri cho chote cha kale ni hili: lilizaliwa wapi gari lake?

Baada ya swali hilo, fundi mwema huzitafuta sehemu za kipuri ambazo hazikuguswa. Chini ya kichwa cha boliti, penye kivuli cha gasketi, upande wa mhimili uliobaki nje ya bushi, hapo metali huwa ingali na umbo la kiwandani. Kama kipuri kina pande mbili zinazofanana, upande mzima humfundisha jinsi ulivyokuwa upande uliovunjika. Na kipuri kinachopokeana nacho, ambacho pengine hakijachakaa, ni shahidi mwingine. Fundi aliye hodari hutumia saa nyingi zaidi katika upelelezi huu kuliko katika kukata chuma.

Meno ya boliti

Boliti zimeharibu vipuri vingi kuliko ajali. Mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipendekeza uzi wa boliti wenye pembe ya digrii 55. Wamarekani wakafuata pembe ya digrii 60. Tofauti hiyo iliwasumbua sana washirika hao wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana juu ya uzi mmoja wa digrii 60. Mwaka ule ule Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, nayo ilikuwa bado na boliti za Kiingereza cha kale. Zile mpya zikaingia kidogo kidogo katika magari yaliyofuata. Matokeo yake ni kwamba gari moja la aina hiyo laweza kuwa na boliti za ukoo zaidi ya mmoja, na mmiliki wa leo huongeza wa tatu: boliti za milimita zinazopatikana katika kila duka.

Boliti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94. Boliti ya milimita 8 inaizidi kwa milimita 0.06 tu, unene ambao jicho haliwezi kuutambua. Lakini ile ya kwanza, katika uzi mwembamba wa mapatano ya 1948, ina meno 24 katika kila inchi, maana yake jino hadi jino ni milimita 1.06; ya pili, ile ya kawaida ya madukani, ina milimita 1.25. Kwa hiyo boliti huingia mzunguko mmoja bila taabu. Kufika mzunguko wa tatu meno yamepishana kwa zaidi ya nusu milimita. Anayeendelea kukaza kwa spana ndefu huhisi boliti "imeshika" na huridhika, kumbe feleji inayakata meno ya aluminiamu na kuyageuza kuwa vumbi. Tundu la kizibo au kifuniko huharibiwa hivyo, na siku injini inapopata moto maji huanza kuvuja.

Darasa lo lote laweza kufanya zoezi hili kwa rula na boliti chache kutoka kwa makanika wa jirani. Laza boliti juu ya rula yenye inchi na sentimita, hesabu meno katika inchi moja, kisha katika sentimita mbili. Ikiwa hesabu ya inchi inatoka namba nzima, kama 20, 22, 24 au 28, boliti hiyo huenda ni ya Kiingereza au ya Kimarekani.

Kifuniko cha thamostati

Hapa yafaa kufuata kipuri kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Juu ya kichwa cha silinda cha Land Rover ya kale kuna kipande cha aluminiamu ambamo maji ya moto hupitia yakienda kwenye rejeta. Ndani yake hukaa thamostati, mlango mdogo unaofunguka kwa joto. Katika Dar es Salaam kipande hiki hufa mapema. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na madereva wengi hujaza rejeta kwa maji ya kisima. Maji ya chumvi yakizigusa metali mbili zilizoungana, kama chuma cha kichwa cha silinda na aluminiamu ya kifuniko, hutokea betri ndogo. Aluminiamu huachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma, nayo ndiyo huliwa. Baada ya miaka, midomo ya kifuniko huwa na mashimo kama jino bovu.

Wengine huitatua shida hii kwa kuitupa thamostati na kuziba palipobaki kwa gundi. Si dawa. Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, hula mafuta mengi na silinda zake huchakaa upesi.

Mwenye kutaka kusubu kifuniko kipya huanza na kiolezo, yaani umbo litakaloacha alama katika mchanga. Jaribu la kwanza linalomjia kila mtu ni kukitumia kifuniko kibovu chenyewe kuwa kiolezo. Hapo ndipo fizikia inapodai haki yake. Aluminiamu iliyokwisha kuganda huendelea kusinyaa inapopoa mpaka kufikia joto la kawaida, na kusinyaa huko ni kama asilimia 1.3 ya urefu, au milimita 13 katika kila mita. Ikiwa matundu mawili ya boliti yako umbali wa milimita 76.2, yaani inchi 3, katika kipuri kipya yatakuwa yamesogeleana hadi karibu milimita 75.2. Boliti hazitaingia. Kiolezo kinachofaa lazima kiwe na milimita 77.2 hapo, na vivyo hivyo kila kipimo kingine kikuzwe kwa kadiri hiyo. Tena sehemu zitakazosawazishwa kwa tupa ziongezwe milimita 2 au 3 za kukatwa. Chuma cha kusubu husinyaa kama asilimia 1. Kila metali ina desturi yake.

Fundi wa uani hukifanyia kifuniko kibovu matibabu mawili. Kwanza huyajaza mashimo na kuvinenepesha vijia vyembamba kwa nta au lipu ya magari, akipima mara kwa mara. Pili, huziba matundu yote ya boliti, maana ni rahisi zaidi kuyatoboa kwa keekee baadaye, mahali panapostahili, kuliko kuyatarajia yatoke sawa kalibuni. Wengine huchonga kiolezo kipya kwa mninga, mbao isiyojipinda sana. Siku hizi hata kiolezo cha plastiki kilichochapwa kwa mashine ya pande tatu hutumika, na kinafaa sana kwa kazi hiyo. Kinachofaa kwa kiolezo, hata hivyo, hakifai kwa kipuri chenyewe: plastiki ya kawaida ya mashine hizo hulegea inapofikia digrii 60 hivi za sentigredi, na ndani ya gari lililofungwa juani joto hilo si jambo la ajabu.

Mchanga wa kalibu uwe laini, wenye udongo wa mfinyanzi kama sehemu moja katika kumi, na maji machache mno, karibu asilimia 5. Mchanga wa baharini haufai bila kuoshwa kwa sababu ya chumvi na vipande vya makombe. Kipimo cha mafundi ni cha mkono: ukiufumbata mchanga ubaki na alama za vidole, na ukiuvunja uvunjike sehemu mbili safi bila kumomonyoka. Kiolezo huzikwa katika fremu mbili za mbao zinazopandana, kikanyunyiziwa unga wa mkaa ili mchanga wa juu usigandamane na wa chini, kisha fremu hutenganishwa na kiolezo kikatolewa polepole. Kwa kuwa kifuniko kina uwazi ndani, uwazi huo hutengenezewa kiini cha mchanga uliokandwa kwa molasi na kuokwa mpaka ukawa mgumu kama biskuti. Metali huzunguka kiini hicho. Baadaye kiini hupondwa na kumwagwa nje.

Wakati wa kuganda metali hupungua ujazo pia, kwa asilimia kadhaa. Sehemu nyembamba hutangulia kuganda, na sehemu nene, inayoganda mwisho, hubaki bila mahali pa kuchota nyongeza. Ndani yake huwa na pango. Kwa sababu hiyo fundi huweka karibu na sehemu nene hifadhi, yaani kisima cha metali kilicho kinene kuliko kipuri chenyewe, ili kigande mwisho wa yote na kuilisha sehemu hiyo. Baadaye hifadhi hukatwa kwa msumeno. Mtazamaji asiyejua huona ni ubadhirifu wa metali.

Moto na metali yake

Tanuri la mkaa lenye feni ndogo ya kupuliza hewa hufika kwa wepesi zaidi ya digrii 660, ambapo aluminiamu safi huyeyuka. Katika nchi hii moto wa mkaa na mvukuto si mgeni. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery uliochapishwa mwaka 1978 ulionyesha kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, walikuwa na matanuri ya chuma yenye joto kali sana zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Aluminiamu haidai joto la chuma. Ukuta wa tanuri hukandikwa udongo unaovumilia moto, na wa namna hiyo haupo mbali: udongo mweupe wa kaolini unapatikana katika vilima vya Pugu, nje kidogo ya jiji.

Metali itoke wapi? Hapa mafundi wengi hukosea kwa kutupa chunguni kila kinachong'aa. Fremu za madirisha na masufuria yaliyobonyezwa ni aluminiamu yenye silikoni kidogo; inapoyeyuka ni nzito kumiminika, na inapoganda hupasuka kwenye kona. Pistoni kuukuu ndizo bora. Aloi yake kwa kawaida ina silikoni karibu asilimia 12, nayo huanza kuyeyuka mapema zaidi, hutiririka vizuri hadi pembe nyembamba za kalibu, na haipasuki kwa urahisi. Kwanza ziondolewe ringi na pini za feleji, zioshwe mafuta, zianikwe zikauke kabisa.

Ukavu huo si usafi tu. Aluminiamu ya moto hunyang'anya maji oksijeni yake na kuiacha haidrojeni, na aluminiamu iliyoyeyuka yaweza kubeba haidrojeni kama mara 20 ya ile inayoweza kubebwa na aluminiamu iliyoganda. Wakati wa kuganda gesi hiyo hukosa pa kukaa, ikatoa vitundu vidogo vidogo mwilini mwa kipuri. Kwa ajili hiyo metali isichemshwe kupita kiasi wala kuachwa motoni kwa muda mrefu. Digrii 700 hadi 750 zinatosha kwa kumimina. Na maji yana hatari iliyo kubwa zaidi. Tone lililonaswa chini ya metali ya moto hugeuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600, likairusha metali hewani. Hata sakafu ya zege ina maji ndani yake na huweza kulipuka vipande ikimwagikiwa. Kazi hii hufanywa juu ya mchanga mkavu, kwa viatu vya ngozi, miwani na mikono iliyofunikwa, na kamwe isifanywe na wanafunzi peke yao.

Liko onyo moja zaidi, juu ya Volkswagen. Sanduku la injini ya Kombi na ya Kobe ni la aloi ya magnesiamu, metali inayofanana na aluminiamu kwa macho lakini nyepesi zaidi. Ikipata joto la kutosha huwaka kwa mwanga mkali, na kuimwagia maji huuongeza moto. Kabla ya kuyeyusha metali usiyoijua, kwangua sehemu yake ndogo na kudondosha siki: magnesiamu hutoa mapovu mara moja, aluminiamu hutulia. Ile yenye mapovu iwekwe kando.

Kinachofanywa kwa tupa na nyundo

Si kila kipuri hudai tanuri. Bodi ya Land Rover ni ya bati la aluminiamu yenye magnesiamu kidogo, iliyochaguliwa kwa sababu feleji ilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Bati hilo hukakamaa kwa kugongwa na hatimaye hupasuka. Ili kulilainisha, hupakwa sabuni ya kufulia na kupashwa moto kutoka nyuma mpaka sabuni ibadilike kuwa kahawia nzito. Wakati huo bati limefikia digrii 350 hadi 400, joto linalozipa fuwele zake nafasi ya kujipanga upya. Kuzidisha hapo ni hatari, kwa kuwa aluminiamu haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka. Huporomoka ghafla.

Bushi za shaba na bati hukerezwa Gerezani au katika karakana nyingine zenye mashine ya kukereza. Jambo la kukumbuka ni kwamba bushi inayosukumwa kwa nguvu katika makao yake hubanwa, na tundu lake husinyaa kidogo. Kwa hiyo lisimaliziwe kabla. Limaliziwe bushi ikiwa imekwisha kaa mahali pake.

Bushi za mpira za springi hukatwa mara nyingi kutoka matairi makuukuu, kama zikatwavyo katambuga, na nyingi hudumu vizuri. Lakini mpira wa tairi haustahimili petroli wala oili. Hunyonya, huvimba, kisha hulegea. Usiwekwe penye mafuta.

Pistoni yenyewe, inayoonekana kuwa kikombe tu, haifai kukerezwa kwa kukisia. Aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma cha kusubu. Kichwa cha pistoni chenye kipenyo cha milimita 90 kikipanda joto kwa digrii 200 huongezeka milimita 0.41, silinda ya chuma iliyopanda digrii 80 huongezeka milimita 0.08 tu. Ndiyo maana pistoni ya kiwandani ni nyembamba juu kuliko chini, tena si duara kamili. Atakayeikereza iwe duara iliyonyooka, inayoingia vizuri injini ikiwa baridi, ataiona ikikwama katika safari ya kwanza.

Nao mfumo wa breki na wa usukani usiguswe kwa kalibu ya uani. Mkono wa usukani hupindwa huku na huku mara maelfu kwa siku, kila mara kwa nguvu iliyo ndogo kuliko ile ya kuuvunja. Palipo na kitundu cha gesi ufa mwembamba huanza, hukua bila kuonekana, na siku moja chuma hukatika bila kuonya: huo ndio uchovu wa metali. Kifuniko cha maji kikishindwa gari husimama njiani likitoa mvuke. Mkono wa usukani ukishindwa katika Barabara ya Kilwa, wanaolipa ni wale walio kituoni wakingoja basi.

Kifuniko kilichotoka kalibuni husawazishwa uso wake kwa tupa, kisha kwa msasa uliolazwa juu ya kipande cha kioo nene, kwani kioo ndicho uso ulionyooka kuliko vyote vinavyopatikana nyumbani. Matundu hutobolewa kwa kufuata gasketi mpya. Kabla ya kukifunga garini hakina budi kupimwa kama kina vitundu, na kipimo chenyewe hakigharimu karibu kitu. Kifuniko huzibwa pande zote, kikajazwa mafuta ya taa, na uso wake wa nje ukapakwa chaki iliyosagwa na kukorogwa katika spiriti, ukaachwa ukauke mpaka uwe mweupe. Mafuta ya taa hupenya mahali ambapo maji huchelewa kupenya. Asubuhi fundi hukitazama juani. Penye kitundu patakuwa na doa la kijivu juu ya weupe wa chaki. Na kikiwa na madoa hukatwa vipande vipande, vikarudi chunguni pamoja na pistoni nyingine.